Badamkhand na Kijani cha Mbali

Katika nyika iliyo kaskazini ya jangwa la Gobi, ukitaja jina la Badamkhand mbele ya mchuuzi wa mifugo, kwanza atacheka, halafu atapapasa mfuko wake kuhakikisha bado upo. Ni mwanamke mfupi, mpana wa mabega, uso umechomwa na upepo mpaka umepata rangi ya birika la zamani. Mumewe alipofariki alimwachia hema la sufi lenye viraka, mbwa aliyebweka hata kwa vivuli, na mbuzi dume mmoja ambaye pembe yake ya kushoto ilikuwa imejipinda ikawa inamchungulia jichoni.

Kwa mtaji huo Badam akaanza kubadilishana. Mbwa alimpa jirani aliyeogopa mbwa mwitu, akapata kondoo mwenye mimba. Mwanakondoo akawa sehemu ya bei ya ngamia, na huyo ngamia ndiye aliyeuzwa mara tatu. Wizi haukuwepo. Ngamia alikuwa anarudi mwenyewe, na kila aliyemnunua, akishaishi naye siku chache, hakuwa na haraka ya kumfuata. Mbuzi tu ndiye aliyebaki, kwa kuwa hakuna aliyemtaka hata bure. Badam akampa kengele na kumweka mbele ya kundi, akamwita Mwenyekiti, maana alipenda sana kutangulia na hakuwahi kujua anakokwenda.

Basi mwanamke huyo aliyewashinda wachuuzi wote wa wilaya alishindwa mara moja tu, na aliyemshinda ni dada yake.

Ilikuwa baada ya baridi kali ya mwaka ule ambao theluji iliyeyuka kidogo, ikaganda tena juu ya nyasi kama kifuniko cha sufuria. Kondoo walikuwa wanaona chakula chini ya barafu na kulamba kifuniko. Sehemu kubwa ya kundi la Badam ilikufa ikiwa imesimama. Badam hakulia. Alichuna ngozi, akaziuza, akaanza kuhesabu waliobaki. Ndipo Dejid, dada yake mkubwa anayeishi mjini, akapiga simu.

"Nimesikia," Dejid akasema. "Umebaki na ngozi."

"Na kondoo wachache, dada. Watazaana."

"Watazaana wapi, na wewe huna hata jike lenye nguvu za kupiga chafya? Sikiliza, mdogo wangu. Theluji ya kwanza ikianguka nakuja huko na gari. Nitashika mikia ya kondoo wako kwa mkono wangu huu. Nikiikuta imenona, nanyamaza. Nikiikuta imesinyaa, tunauza wote, unakuja kukaa kwangu. Utalala kwenye sofa."

"Sofa ipi?"

"Ile ya maua."

"Dada, ile sofa ina springi inayochoma."

"Inachoma upande mmoja tu."

Badam alifungua mdomo abishane, akakuta hana cha kuweka mezani. Akakubali. Ni mapatano pekee katika maisha yake aliyoyakubali bila kubisha, na alijichukia kwa hilo.

Ni lazima ueleweke ubaya wa jambo hili. Dejid ni mwema, hana choyo, na anapika maandazi ya nyama yanayomfanya mtu amsamehe adui. Lakini anazungumza. Anaanza akiwa bado hajafumbua macho vizuri, na anazungumzia jambo moja: mawe ya nyongo aliyotolewa hospitali. Ameyaweka kwenye chupa ya jemu juu ya televisheni. Kila jiwe lina historia yake. Mgeni asipoyatazama, anayamimina kwenye kiganja cha mgeni.

Kwa hiyo kiangazi kile Badam alikuwa na kazi moja tu, kunenepesha mikia.

Kondoo wetu huweka akiba yao mkiani. Mkia ukijaa mpaka ukimgusa kondoo unatikisika kama unga uliochachuka, atavuka baridi. Na mkia haujazwi na kitu kingine ila nyasi, na nyasi nazo zinasubiri mvua, na mvua ya mwaka ule ilikuwa na tabia za mtu asiyelipa nauli. Ilikuja ya rasharasha, ikalowesha kofia, ikaondoka. Mvua ya namna hiyo jua linaifuta kabla haijafika kwenye mzizi.

Badam alikuwa amepiga hema lake dogo la kiangazi kwenye mteremko unaoitwa Mgongo wa Ngamia. Kutoka mbali mteremko ule ulionekana kama zulia kuukuu, njano na kijivu. Mwaka uliotangulia ulipata mvua nzuri sana hadi mwishoni mwa majira, lakini nani anakumbuka mvua ya mwaka jana anapotazama njano ya mwaka huu?

Jirani yake alikuwa Sodnom, mseja mkubwa wa umbo, mwenye lori lililokufa zamani na sasa likawa nyumba ya mbwa wake. Alikuwa na mambo mawili yaliyojulikana na wote. La kwanza, kidole chake cha shahada kilikatwa nusu na kamba ya kunasia farasi. La pili, alikuwa analala macho wazi. Watu walishawahi kumsimulia habari ya msiba mzima, wakaja kugundua mwishoni kwamba anakoroma.

Siku moja mchana wingu zito lilisimama upande wa kusini, juu ya Bonde la Birika, likashusha mvua mahali pamoja kama mtu anayemimina ndoo. Huku Mgongo wa Ngamia halikudondoka hata tone. Sodnom alifika kwa farasi mbio.

"Dada Badam! Umeona?"

"Nimeona nini?"

"Mvua, mama! Birika limejaa!"

"Ah, ile. Nilidhani ni vumbi," Badam akasema, akiendelea kukoroga chai yake ya maziwa na chumvi. "Na hata kama ni mvua, mimi hapa pananitosha. Nyasi ni nzuri."

"Nyasi ni nzuri sana," Sodnom akakubali haraka. "Hata kwangu ni nzuri. Sina mpango wa kuhama."

"Hata mimi sina."

Huku kwetu mtu akiulizwa hali ya nyasi hujibu kwamba ni nzuri, hata kama kondoo wake wanakula kamba ya hema. Ndiyo adabu. Ukweli unakuja baadaye, baada ya chai, ukija. Siku ile haukuja. Walikunywa, wakabadilishana vichupa vya ugoro kwa mikono miwili, kila mmoja akanusa cha mwenzake, wakaagana, na kila mmoja akaenda kukagua kamba zake za kufungia mizigo.

Wiki haikupita, Bonde la Birika likawa kijani.

Hapo inabidi nieleze kichaa cha kondoo. Kila majira ya kuchipua kondoo huona kijani kule mbele, wakakimbia. Wakifika wanakuta udongo, na unyasi mmoja mmoja kama ndevu za mvulana. Wakiinua vichwa wanaona kijani kingine mbele zaidi. Wanakimbia tena. Wanaweza kukimbia kutwa wakamaliza mafuta yote yaliyobaki mkiani, na jioni wakawa wamekula pungufu ya waliokaa nyumbani. Sababu yenyewe ni nyepesi: ukitazama kwa mshazari kutoka mbali, vijani vichache vinajipanga na kuonekana kama busati, ukisimama juu yake unaona nafasi zilizo katikati. Badam alikuwa anajua hivyo tangu utotoni. Kila mwaka aliwakimbilia kondoo wake na fimbo akiwatukana: "Vipofu nyinyi! Kile kijani kiko machoni mwenu, hakiko ardhini!"

Sasa alisimama mlangoni mwa hema lake, akaweka kiganja juu ya macho, akaliona Bonde la Birika linavyometameta. Akaiona sofa ya maua ikirudi nyuma, ikipotea. Moyo wake ukakimbia kuliko kondoo yeyote.

Tatizo lilikuwa Sodnom. Sheria ya nyika ni kwamba ambaye moshi wa jiko lake unapanda kwanza bondeni, ndiye mwenyewe mpaka atakapohama. Asubuhi ile ile Badam alimwona Sodnom kule chini: hema limeshushwa, ngamia wamebebeshwa, kondoo wako mbele, na njia yake ilipita karibu kabisa na hema la Badam. Akipita tu, amefika.

Lakini huku kwetu mtu anayehama akipita karibu na hema lako, unatoka na chai umlaki njiani. Usipotoka, wewe ni mchoyo. Na yeye asiposimama anywe, amekutukana wewe na mizimu yako. Badam alitazama msafara ule unavyokaribia, akatabasamu, akaweka sufuria kubwa zaidi.

Kwanza alibebesha ngamia wake nyuma ya kilima, hema na jiko na kila kitu, isipokuwa sufuria na vyombo vya kumlakia mgeni. Kisha akamfungua Mwenyekiti. Mwenyekiti alinusa upepo wa kusini mara moja, kengele ikalia, kundi likaondoka.

"Kaka Sodnom!" Badam akaita, ametoka njiani kabla Sodnom hajaona kwamba hema halipo, na birika, bakuli, jibini kavu, na kiriba cha maziwa ya farasi yaliyochacha. "Unahama? Mbona hukuniambia?"

Sodnom akawa mwekundu. "Natembea tu kidogo, dada. Nanyoosha ngamia."

"Wanyooshe, wanyooshe. Shuka unywe."

"Nimeshakunywa."

"Umekunywa chai ya kwako. Ya kwangu hukunywa. Au chai yangu ina mchanga?"

Akashuka. Angefanya nini? Akanywa bakuli moja, akataka kuinuka.

"Bakuli moja, mtu mzima kama wewe? Hata ndama hanywi moja. Na hiki kichwa cha kondoo nimekuchemshia wewe peke yako."

"Dada, kimeiva?"

"Kinaelekea kuiva. Kaa."

Kichwa kilikuwa kimewekwa motoni dakika ile ile. Wakati kinaelekea kuiva, Badam alimjazia maziwa ya farasi. Sodnom hajawahi kuyakataa maziwa ya farasi tangu alipoachishwa ya mama yake. Alikunywa, akaimba kidogo, akanywa. Alisimulia kidole chake kilivyokatika, na katika masimulizi hayo farasi aliyekuwa anavutwa aliongezeka ukubwa kila bakuli. Halafu akanyamaza, amemkodolea Badam macho.

Badam akangoja. Macho hayakupepesa.

"Kaka?"

Kimya.

"Kaka Sodnom, nakwenda kukuibia ngamia wako."

Kimya. Amelala, au anamsikiliza kwa utulivu mkubwa. Badam alichota chumvi, akaitikisa mbele ya pua yake. Hakuna. Akaanza kurudi kinyumenyume, taratibu, huku akiendelea kuzungumza naye kwa heshima, "Nafuata kuni tu, kaka, nafuata kuni," mpaka alipovuka kilima. Akapanda ngamia akaondoka mbio.

Moshi wa Badamkhand ulipanda Bonde la Birika siku ile ile. Sodnom alipoamka jua lilikuwa limeinama, ngamia wake wamelala na mizigo mgongoni, kondoo wake wametawanyika kwenye Mgongo wa Ngamia, na kichwa cha kondoo sufuriani kimeiva mpaka kimepoteza umbo. Akauona ule moshi. Akala kichwa chote kwa hasira, akapiga hema lake pale pale alipokuwa amelala.

Usiku ule Badam alilala kama malkia. Asubuhi akatoka nje kutembelea mali yake, na kwa mara ya kwanza akalitazama bonde akiwa amesimama juu yake badala ya kulitazama kwa mbali.

Akapiga hatua chache, akitazama chini.

Kijani kilikuwepo, hakuna uongo. Lakini hazikuwa nyasi. Yalikuwa magugu yaliyojaa maji, yale mororo yenye vishina vyekundu, yanayoota popote palipo wazi mvua ikigusa mbegu zake. Badam akainama, akalitafuta fungu la nyasi za kweli, zile ngumu zinazonenepesha. Alilipata. Akalivuta. Likatoka mkononi mwake na mizizi yake kama nywele za mgonjwa, limekauka zamani. Akavuta jingine. Hivyo hivyo. Bonde la Birika lilikuwa limekosa mvua mwaka jana, na mwaka juzi, na mafungu yake ya nyasi yamekufa kimya kimya. Mvua ile kubwa ilipofika ilikuta nyumba haina mwenyewe, ikawakaribisha wapita njia.

"Badamkhand," akajiambia kwa sauti, "wewe ni kondoo."

Mwenyekiti alimtazama kwa lile jicho lisilo na pembe. Alikuwa amejaza mdomo.

Saa chache baadaye matumbo yakaanza. Magugu yale ni maji matupu, na kundi zima likaendesha. Usiniulize zaidi, ila nitasema kwamba Badam alihamisha hema lake mara mbili kwa sababu ya upepo. Mikia ile aliyoilea ikaanza kulegea. Na mbaya kuliko yote, manyunyu madogo madogo yakaanza kupita, ya mchana mmoja mmoja, na kule Mgongo wa Ngamia, ambako mafungu ya nyasi yalikuwa hai na yameshiba mvua ya mwaka jana, manyunyu hayo madogo yalitosha. Zile nyasi za njano zilikuwa zinachipua shinani, chini ya ukavu wake wa juu, mahali ambapo macho ya mbali hayafiki lakini mdomo wa kondoo unafika. Badam alikwenda kuchungulia kwa siri, amejilaza kilimani kama mwindaji, akawaona kondoo wa Sodnom. Walikuwa wanatembea kwa shida kwa ajili ya ukubwa wa makalio.

Lazima Badam na kundi lake warudi kule. Lakini huwezi kumwendea mtu ukamwambia nipe mahali pako pazuri uchukue pangu pabaya. Ni lazima yeye aje. Na lazima aje akiwa na wivu.

Badam akawasha moto mkubwa kila asubuhi ili moshi uonekane. Akaimba nyimbo za shibe kwa sauti ambayo upepo ungeifikisha. Akapanda kilele cha kilima akalala chali, mikono kichwani, mtu asiye na shida duniani. Siku ya tatu akaona farasi anakuja.

Akakimbilia ndoo. Akamkamata kondoo wa kwanza, akamwosha makalio. Akamkamata wa pili. Aliwaosha, akawasugua, akawachana kwa kitana chake mwenyewe, na Sodnom alipofika karibu, kondoo wa Badamkhand walikuwa wamesimama wamelowa nyuma, safi, wamepangwa wamegeuza nyuso kwa mgeni kama wanafunzi wanaosubiri kupigwa picha.

"Shika mbwa!" Sodnom akaita kwa mazoea, maana ndivyo mgeni anavyobisha hodi huku kwetu.

"Mbwa nilimbadilisha, kaka, unajua. Karibu."

Vichupa vya ugoro vikapita mkono kwa mkono.

"Kiangazi chako kizuri?"

"Kizuri. Chako?"

"Kizuri. Nyasi zako nzuri?"

"Nzuri mno, mpaka zinachosha. Zako?"

"Nzuri," Sodnom akasema, akaangalia kijani kilichomzunguka akameza mate. "Mbona kondoo wamelowa?"

"Umande."

"Saa hizi za mchana?"

"Huku majani ni mengi, kaka. Umande hauna njia ya kutokea."

Sodnom alitikisa kichwa kwa kustaajabu. Badam akamwona anavyolitazama bonde, macho yametangulia, na akajiona yeye mwenyewe wiki zile mlangoni mwa hema. Karibu amhurumie. Akamjazia bakuli.

"Kule kwangu ni njano kidogo," Sodnom akaanza.

"Pole."

"Si vibaya. Ila mtu anachoka kuona njano. Unaonaje tukibadilishana?"

Badam akaruka kama aliyechomwa. "Tubadilishane! Nitoke hapa? Nikalale kule kwenye zulia la babu? Sodnom, mimi ni mjane, lakini si mwendawazimu."

"Nitaongeza kitu."

"Kitu gani kinaweza kulipa hiki?" Akanyoosha mkono kwenye bonde, na mkono ulipopita juu ya kundi akaona, kwa pembe ya jicho, kondoo jike mmoja akianza kuinama kwa namna anayoijua. Akageuka haraka akakaa upande ule, akimziba. "Lakini kwa kuwa wewe ni jirani, leta mkono."

Bei huku haisemwi kwa mdomo. Wawili wanaingiza mikono ndani ya mkono mmoja wa joho, wanabonyezana vidole gizani mle, na huku nje midomo inazungumza hali ya hewa ili mtu mwingine asijue. Hawakuwa na mtu mwingine. Lakini mambo yana utaratibu wake.

"Mawingu ya leo mepesi," Badam akasema, akabonyeza: kondoo wawili.

"Mepesi sana," Sodnom akasema, akabonyeza.

"Hicho ni kidole au nusu?"

"Ni kidole. Kimefupishwa."

"Mimi nimehisi nusu. Siwezi kupokea nusu kondoo."

"Dada, kidole changu chote ndicho hicho."

Nyuma ya Badam pakatokea sauti. Badam akakohoa kwa nguvu kuifunika. Mwenyekiti naye, ambaye hakuwahi kusaidia katika lolote, aligeuka akaanza kumwonyesha mgeni upande wake ambao haukuoshwa.

"Sitaki kondoo," Badam akasema haraka, kijasho kinamtoka. "Nipe ile redio yako ya nguvu za jua, na tumemaliza."

Sodnom alisita. Redio aliipenda. Alitazama kijani kwa mara ya mwisho, akabonyeza. Wakatoa mikono nje, na yaliyokubaliwa ndani ya joho hayarudi.

"Unalia?" Sodnom akauliza.

"Ni uchungu wa kupaacha," Badam akasema, na harufu ilikuwa imemfika machoni kweli.

Jua halijakuchwa alikuwa amerudi Mgongo wa Ngamia, na kondoo wake wameingiza midomo katika zile nyasi za njano wakiwa kimya kabisa.

Sodnom alirejea baada ya siku chache, farasi wake amechafuka mpaka magotini.

"Badam! Yale ni magugu!"

"Si uliyaona mwenyewe?"

"Niliyaona kwa mbali!"

"Hata mimi," akasema Badam, na lilikuwa neno lake la kwanza la kweli kwa Sodnom kiangazi kile. "Kunywa chai."

Sodnom hakuwa mtu wa kununa muda mrefu. Kununa kunataka mtu awe macho. Akawapeleka kondoo wake mtoni kwa binamu yake, wakashiba huko. Na mvua, ambayo haina haya, ikarudi Bonde la Birika kwa mara ya pili mwishoni mwa kiangazi. Yale magugu yakarefuka mpaka kiunoni, yakakomaa, yakafunga mbegu. Yakishapigwa na jalidi utamu unaingia na uharo unatoka. Sodnom, kwa kuwa alikuwa ameshalipa redio kwa ajili yake, aliyafyeka yote kwa hasira, akayarundika mpaka yakawa kilima kinachoonekana kutoka Mgongo wa Ngamia. Watu walimcheka. Badam alimcheka kuliko wote.

Theluji ya kwanza ikaanguka, na juu ya theluji likaja gari la kukodi, na ndani ya gari Dejid, na mapajani mwa Dejid ile chupa ya jemu.

Hakusalimia. Alikunja mkono wa joho, akaingia zizini, akamkamata kondoo wa kwanza mkiani. Ukajaa mkononi na kumwagika pembeni. Akamkamata wa pili, wa tatu. Akawafuata wale waliojificha pembeni, akidhani wembamba ndio wamefichwa huko. Wote walitikisika. Badam alisimama mlangoni amekunja mikono, na kila mkia ulipotikisika kidevu chake kilipanda.

"Wamenona," Dejid akakiri.

"Sofa nayo salama?"

"Salama. Basi nanyamaza, kama nilivyosema." Akanyamaza kwa muda wa kuvua glavu. "Nimekuletea haya uyaone, maana lile kubwa limebadilika rangi."

Usiku dhoruba ikapiga. Asubuhi njia ya mjini haikuwepo, dereva wa gari alikuwa amekimbia mapema kabla haijafungwa, na Dejid alikuwa amebaki. Ilijulikana wazi kwamba hataondoka mpaka barafu itoke.

Badam akawasha redio. Dejid akazungumza juu ya redio. Badam akatoka kwenda kwa kondoo, Dejid akamfuata na kuzungumza juu ya theluji. Badam aliyekuwa amehangaika kiangazi kizima asiende kuishi kwa dada yake, sasa aliishi naye katika hema la duara lisilo na chumba cha pili. Angalau kule kulikuwa na sofa.

Theluji nayo ilizidi. Nyasi za Mgongo wa Ngamia zikazama chini yake. Mikia ilikuwa imejaa, lakini mkia haudumu kama kila siku unakula humo humo bila kuongeza kitu. Badam alichungulia Bonde la Birika: katikati ya weupe ule wote kilisimama kilima cha magugu makavu, na kando yake moshi wa Sodnom ukipanda bila haraka.

Aliwafungia farasi mkokoteni usio na magurudumu, wa kuteleza barafuni, akampandisha dada yake.

"Tunakwenda wapi?" Dejid akauliza.

"Kwa jirani. Hajawahi kuona mawe ya nyongo."

Sodnom aliwapokea vizuri, wakanywa chai, ugoro ukapita. Dejid akafungua chupa. Alianza na jiwe dogo. Sodnom alimtazama usoni, macho wazi, hakupepesa, hakumkatiza, hakusema naye ana shangazi aliyewahi kutolewa makubwa zaidi. Dejid alizungumza mpaka chai ikapoa. Katikati ya hadithi ya jiwe la nne alimgeukia mdogo wake, macho yamemlowa.

"Badam," akanong'ona, "katika maisha yangu yote sijawahi kuona mwanamume msikivu kama huyu."

"Ni mtu wa pekee," Badam akasema.

Sodnom alipoamka alikuta maandazi ya nyama mbele yake, moto na manono. Akala. Akala tena. Badam akamwita nje, akaingiza mkono katika joho lake.

"Theluji ya leo nzito," akasema, akabonyeza.

"Nzito," Sodnom akajibu. "Huyo dada yako hupika hivi kila siku?"

"Kila siku. Ila ana mazungumzo kidogo."

"Mazungumzo hayanisumbui," Sodnom akasema kwa ukweli kabisa. "Anaweza kukaa mpaka barafu itoke?"

"Mwenyewe anataka. Lakini mimi nitabaki mpweke. Nitahitaji kitu cha kunifariji." Akabonyeza vidole vyote vitano, halafu vitano tena. "Cha majani."

Walibishana mpaka ndevu za Sodnom zikaota barafu, na kwa mara ya kwanza nusu kidole kilihesabiwa kuwa kizima. Badam alirudi nyumbani peke yake, na mkokoteni uliosheheni magugu yale yale aliyoyakimbia, ukilalama kila hatua, hema lake limetulia na redio inasikika.

Barafu ilipotoka, Dejid alisema bado hajamaliza jiwe la saba. Na asubuhi moja, kule mbali kusini, kijani chembamba kikatokea ukingoni mwa nyika. Mwenyekiti akanyanyua kichwa. Kengele ikalia mara moja.

Badamkhand naye alikuwa amekiona. Alikitazama kwa muda mrefu kidogo kuliko alivyopaswa. Kisha akamshika mbuzi ile pembe iliyopinda, akamgeuza uso upande wa njano.